Kusomea kwenye simu: mwongozo kamili kwa mwanachuo wa Moshi na Arusha

Shika simu ya mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili pale Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi au Chuo cha Uhasibu Arusha. Utakuta grupu la darasa, grupu la kozi, la hosteli, la watu wa mkoa wake, la maombi, na moja ambalo hakuna anayekumbuka lilianzishwa na nani. Madesa, yaani notisi za kurithishana, yamejaa humo. Ikifika wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ndipo unasikia, "Mwenye pasti pepa za miaka ya nyuma atupie tafadhali," na zikishatupiwa watu wanashukuru kwa vidole gumba, kisha kimya.

Tatizo ni kwamba faili likishaingia kwenye simu, mtu anajihisi ameshalisoma nusu. Grupu linakuwa ghala. Mwongozo huu ni wa kuligeuza liwe mahali pa kuulizana na kujibizana, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo simu inalifanya vizuri na maktaba hailifanyi. Nimeuandika nikimfikiria mwanafunzi anayepanga Longuo (Moshi) au Njiro (Arusha), mwenye simu ya kawaida, bando la kuhesabu, na testi ndani ya wiki mbili.

1. Liache grupu la darasa libaki la matangazo

Usipoteze nguvu kulirekebisha. Grupu la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024, la Telegram hadi 200,000, na ukubwa huo unafaa kutangaza kwamba kipindi kimehamia ukumbi mwingine. Haufai kusema "sijaelewa". Kwenye grupu la watu mia mbili anayeuliza swali la msingi anajibiwa kwa stika ya kucheka, na baada ya hapo hatauliza tena mpaka apate sapu, mtihani wa marudio. Mshauri CR wenu, kiongozi wa darasa, aweke mpangilio wa kuandika kwa admini pekee, matangazo yasizame chini ya salamu za asubuhi. Basi, hapo mmemaliza nalo.

2. Unda kikundi kidogo, na uchague watu kwa akili

Watano hadi saba. Chini ya hapo, wawili wakiumwa malaria kikundi kimekufa. Juu ya hapo wanaanza kuwepo wasomaji kimya, na msomaji kimya mmoja huwaambukiza wengine.

Kosa la wengi ni kuchukua marafiki tu au kukimbilia vipanga, wale wakali wa darasa. Marafiki mtapiga stori. Kipanga naye atageuka mwalimu wa bure, atachoka mapema, na ninyi mtabaki kunakili. Mnachohitaji ni watu wa kozi moja wenye nguvu tofauti: mmoja hesabu zinampenda, mwingine notisi zake zimepangika, mwingine haoni aibu kuuliza. Huyu wa mwisho ana thamani kuliko anavyojua. Mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliandika juu ya eneo lililo kati ya kile mtu anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akishikwa mkono na mwalimu au mwenzake aliyemtangulia kidogo. Aliyeelewa jana bado anakumbuka alikwama wapi. Profesa ameshasahau.

Msianze kabla ya kukutana ana kwa ana walau mara moja. Watu waliowahi kula chipsi meza moja hawaogopani kwenye maandishi.

Kisha andikeni kanuni chache kwenye maelezo ya kikundi, zionekane na kila anayefungua:

"Hapa ni kusoma. Faili haliingii bila sentensi moja ya kusema lina nini na ukurasa gani usomwe. Swali la mtu halichekwi. Ukijibu, eleza ulivyofika. Baada ya saa nne usiku hakuna anayedaiwa jibu."

Kanuni ya pili pekee itawapunguzia madesa kwa kiasi kikubwa. Anayelazimika kusema ndani ya faili mna nini inabidi alifungue kwanza.

3. Tengeneza simu kabla ya kutengeneza ratiba

Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti, video na nyaraka unapotumia bando. Utapakua mwenyewe unachokitaka. Zima pia uhifadhi wa picha za magrupu kwenye albamu ya simu, la sivyo mwezi wa pili simu itakwambia imejaa na utaanza kufuta kwa hasira.

Nyamazisha magrupu yote isipokuwa hiki kidogo na cha darasa. Ubao upigwe picha na mtu mmoja kwa zamu. Picha zilezile kutoka simu sita ni kula bando la watu. Faili kubwa na video pakueni kwa Wi-Fi ya chuo, ikiwezekana asubuhi kabla vipindi havijaanza. YouTube ishushwe ubora wa picha, kwa sababu kwenye somo la nadharia unachohitaji ni sauti. Ikiwa ni hesabu zinazoandikwa ubaoni, hapo pandisha kidogo, vinginevyo utasoma 3 ukidhani ni 8.

4. Jifunzeni kuuliza

Hapa nitakaa muda, kwa maana kikundi kizuri na kibovu hutofautiana kwenye ubora wa maswali kuliko kitu kingine chochote.

Swali linaloonekana kila siku kwa watu wa uhasibu, juu ya kushuka kwa thamani ya mali kadiri inavyotumika, ni hili: "Jamani uchakavu unanisumbua, nani anaweza kunielekeza?" Swali hilo halina mlango. Anayejua hajui aanzie wapi, hivyo anasoma na kupita, na muulizaji anadhani amedharauliwa.

Linganisha na hili:

"AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) imenunua gari la kubebea kahawa Aprili 1 kwa TSh 40,000,000. Thamani ya masalio TSh 4,000,000, miaka 8, uchakavu sawa kila mwaka. Mwaka wa hesabu unaisha Desemba 31. Nimefanya (40,000,000 − 4,000,000) ÷ 8, nikapata 4,500,000. Jibu la mwalimu ni 3,375,000. Tofauti ni 1,125,000, na naona ni robo kamili ya jibu langu. Robo hiyo imeenda wapi?"

Muulizaji ametaja taarifa zote, ameonyesha njia yake, amesema jibu analotarajia, na ameichunguza tofauti. Mwenzake atajibu kwa mstari mmoja: gari lilianza kuwa tayari kwa matumizi Aprili, kwa hiyo mwaka huo lina miezi tisa tu, na IAS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, inataka uchakavu uanze pale mali inapokuwa tayari kutumika. Mara nyingi, kwa kweli, aliyeandika namna hii analiona jibu kabla hajabonyeza kutuma. Akiliona asilifute swali. Alitume pamoja na jibu, maana wenzake wawili wamekwama palepale na wanaona haya.

Somo lisilo na hesabu lina umbo hilohilo: nimesoma nini, nimeelewa nini kwa maneno yangu, na ni sentensi ipi iliyonishinda. Picha ya ukurasa mzima yenye neno "hii" si swali.

Anayejibu naye ana wajibu wake. Kama swali ni la asainmenti yenye alama, atoe dokezo, asitoe kazi nzima. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili. Ukizidi, watu huahidi kuusikiliza baadaye, na hiyo baadaye hamjawahi kuiona.

5. Wekeni mzunguko wa wiki, uzunguke kwenye kujitahini

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwanachuo angefaa kulijua. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Kisha wengine walikirudia kukisoma, na wengine wakajaribu kukiandika kutoka kichwani bila kukitazama. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojitahini ndio waliokumbuka mengi. Hapo ndipo pasti pepa zilizojibiwa zinapotudanganya. Ukizisoma usiku wa leo kila kitu kinaonekana rahisi, na kweli ni rahisi, kwa dakika tano.

Kwa hiyo mzunguko wenu ujengwe juu ya kutoa kichwani. Mfano unaofaa watu wa vipindi vya mchana:

Jumatatu jioni kila mmoja anatuma swali moja lililotokana na lekcha za siku hiyo, pamoja na jibu analolidhania. Jumatano ni zamu ya mtu mmoja kueleza mada moja kwa sauti, kana kwamba anampigia pindi mdogo wake wa kidato cha sita. Wengine wanamhoji.

Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Mwenye zamu anaweka maswali mawili saa moja usiku, moja la wiki hii na moja la wiki tatu zilizopita. Kila mtu anajibu kwenye karatasi, kwa kalamu, notisi zimefungwa. Saa tatu kamili wote wanatuma picha za karatasi zao kwa pamoja. Kwa pamoja, nasisitiza, kwa sababu jibu la kwanza likitangulia waliobaki hawajibu tena, wanahariri. Na karatasi ni muhimu: UE haichapwi kwa vidole gumba, na picha ya mwandiko hainakiliki kwa kubonyeza.

Jumamosi mkutane, hata kwa saa moja, mmalizie yale yaliyoshindikana. Umeme ukikatika Ijumaa, zoezi linahamia hapo.

Mada zenye majibu mafupi ya kuchagua zina njia ya haraka. Telegram ina kura ya maswali inayokuonyesha palepale kama umepata au umekosa, na inafaa sana kwa anatomia, istilahi za sheria na viwango vya uhasibu. WhatsApp nayo ina kura, lakini jibu mtalitangaza wenyewe baadaye. Sioni haja ya kuhamia Telegram kwa ajili hiyo tu kama nusu ya kikundi hawana.

6. Kagueni desa kabla ya kuliamini

Desa linarithiwa. Aliyeliandika amemaliza chuo, ameoa, ana watoto, na notisi zake bado zinazunguka kwenye magrupu ya mwaka wa kwanza. Sheria na viwango havikumsubiri.

Mwanafunzi wa uhasibu atazame mada ya ukodishaji. Desa likimfundisha IAS 17, alifunge: kiwango kipya, IFRS 16, kimechukua nafasi yake tangu Januari 1, 2019. Mapato yakielezwa kwa IAS 18, hali ni hiyohiyo, maana IFRS 15 ilianza Januari 1, 2018. Wa ushirika atazame ni sheria ipi inanukuliwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliifuta ile ya 2003. Wa kodi akumbuke kwamba Sheria ya Fedha hubadilisha viwango karibu kila Julai, hivyo desa la kodi huzeeka kwa mwaka mmoja. Na wa tiba akikuta mpangilio wa kumsaidia aliyesimama moyo unaanza na njia ya hewa, ajue mwongozo wa chama cha moyo cha Marekani uligeuza mpangilio huo mwaka 2010 na kutanguliza kukandamiza kifua.

Zoezi zuri kwa kikundi: chukueni desa moja maarufu, kila mtu apewe kurasa zake, atafute kilichopitwa na wakati na asahihishe kwa kutaja chanzo. Mtajifunza kuliko kulisoma mara tatu.

Vivyo hivyo kwa majibu ya akili bandia, ambayo sasa yamo hadi ndani ya WhatsApp. Yanaweza kukutungia kifungu cha sheria au marejeo ya kitabu kisichokuwepo, kwa lugha ya kujiamini kabisa. Mtu akibandika jibu la aina hiyo kikundini aseme limetoka wapi, na ataje ukurasa alioufungua mwenyewe kulithibitisha.

Kuhusu vitabu vizima vilivyoskaniwa: hakimiliki inalindwa nchini kwa sheria ya mwaka 1999, na kusambaza kitabu cha mtu ni kosa hata kama kila mtu anafanya. Kabla ya kufika huko, ingia OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani. Una vitabu vya uhasibu, takwimu, anatomia na fiziolojia, bure na kwa ruhusa. Machapisho ya utafiti yatafute kupitia maktaba ya chuo, uliza juu ya Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida yanayouzwa ghali kwingineko.

7. Toka nje ya kikundi

Kikundi kikisimama, fungueni madirisha. YouTube itumieni kwa adabu: mtu asitupe kiungo cha video ya saa nzima, aseme "anza dakika ya 14, ishia 19, anaeleza nilichoshindwa Jumatano". LinkedIn inakupa waliomaliza kozi yako na sasa wako kazini. Ni mahali pazuri pa kuona ujuzi gani unaombwa, na pabaya pa kujilinganisha. Wanafunzi wa kompyuta wana Stack Overflow na GitHub, ambako swali lisilo na maelezo hufungwa bila huruma. Hatua ya 4 itawafaa huko.

ResearchGate, mtandao wa watafiti, ni hazina kwa anayeandika tasnifu. Ukikuta chapisho limefungwa, muombe mwandishi nakala. Wengi hutoa, kwa kuwa hakuna mtafiti asiyependa kusomwa. Andika kwa Kiingereza kama ndiyo lugha yake, lakini fupi: wewe ni nani, unaandika juu ya nini, na kwa nini chapisho lake. Watakaokufuata wakikuahidi kuchapisha kazi yako ndani ya siku tatu kwa malipo, waache. Jarida la kweli hupeleka kazi kwa wahakiki, na wahakiki hawana haraka hiyo.

Mwalimu wako naye yumo kwenye WhatsApp, na hapa wengi huharibu. Usimwingize kwenye kikundi bila kumwomba. Usimpigie simu saa tano usiku. Usianze kwa "Mambo". Ujumbe wa namna hii hujibiwa:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, kundi la asubuhi. Kikundi chetu cha watu sita kimekwama kwenye swali la tatu la semina. Tumejaribu njia mbili, picha nimeambatanisha. Tunaomba utuambie tu ni njia ipi iko karibu, au kama tuje ofisini Alhamisi. Asante."

Na wewe mwalimu unayesoma hapa, pendekezo moja: usijibu maswali binafsi ishirini yanayofanana. Chukua lile lililoulizwa vizuri, ondoa jina, lijibu kwenye grupu la darasa. Wataiga namna lilivyoulizwa.

8. Mambo yasiyoingia kikundini kabisa

Picha ya mgonjwa. Wanaozunguka wodini kwenye hospitali za KCMC na Mount Meru wanajua kishawishi chake: kidonda cha ajabu, eksirei ya kipekee, na wenzako wako kwenye simu. Kuficha uso hakutoshi. Jina lililo kwenye kona ya eksirei, tatuu, kanga, hata kitanda na tarehe vinaweza kumtambulisha mtu kwa jirani yake, na Moshi ni mji mdogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jadilini ugonjwa kwa maneno, bila umri kamili, kijiji wala picha, na penye haja ya picha pitieni kwa daktari msimamizi na utaratibu wa hospitali.

Mtihani uliovuja. Ukitumiwa, ondoka kwenye grupu hilo na utoe taarifa. Kudisko, yaani kufukuzwa chuo, kwa pasti pepa ya kesho ni njia ghali ya kurudi nyumbani.

Uzushi juu ya mtu, mwalimu au mwanafunzi, ambao Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kuufuatilia hata ukiwa umeusambaza tu. Na viungo vya "bumu limetoka, bonyeza hapa" vinavyoomba namba ya siri. Mkopo unatazamwa kwenye akaunti yako ya HESLB, bodi ya mikopo, si kwenye kiungo kilichosambazwa mara nyingi.

9. Wakati wa fildi na baada ya UE

Muhula ukiisha kikundi kinatawanyika kwenye fildi, mafunzo ya kazini: mmoja yuko kwenye AMCOS ya Rombo, mwingine halmashauri ya Mbulu, mwingine Dar es Salaam. Msiliue kundi, badilisheni kazi yake. Kila Jumapili kila mmoja atume jambo moja aliloliona kazini ambalo halifanani na darasani, bila kutaja siri za ofisi. Ripoti ya fildi itakuwa imeshaandikwa nusu.

Kumbukumbu msiziache sehemu moja. Simu huibiwa stendi, na Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini kwa siku nyingi. Waliokuwa wameweka kila kitu huko walikwama. Kila mwisho wa mwezi mtu mmoja achague maswali bora na majibu yake, ayaweke kwenye faili moja la maandishi, alihifadhi kwenye Drive na kwenye flashi. Kurasa kumi za maswali yenu wenyewe zitawafaa kuliko madesa mia mbili ya watu msiowajua.

Matokeo yakitoka, kaeni tena muamue nani anaendelea. Asiyetuma karatasi Ijumaa tatu mfululizo bila sababu aagwe kwa heshima, apewe lile faili, na nafasi yake itafutiwe mtu kabla muhula haujaanza.